Shemeji Aliyesukuma Gari ya Mikate

Nyinyi vijana munaokuja kuniuliza kazi ya ufundi ilikuwa namna gani zamani, nitawajibu mara moja kusudi musikawie: ilikuwa muzuri sana. Vipande vya gari vilikuwa vinapatikana kila pahali, isipokuwa Bukavu. Barabara zilikuwa laini kabisa, ukiwa unazitazama kutoka ndani ya ndege. Na wateja walikuwa watu wapole, waliokuwa wanamuacha fundi afanye kazi yake bila kumufundisha. Sasa, kama mumeamini hayo, kaeni chini, maana niko na mengine.

Leo nawaeleza juu ya mukanda mumoja.

Ndani ya motere, yaani injini kwa nyinyi muliomaliza masomo, kuna pistoni zinazopanda na kushuka. Juu yake kuna supapu, vimilango vidogo vya chuma vinavyofunguka na kujifunga ili motere ipumue. Pistoni na supapu wanaishi chumba kimoja. Pistoni ikipanda, supapu inapashwa kuwa imeshatoka njiani. Anayewapangia zamu ni mukanda wa mupira wenye meno, tunauita mukanda wa distribisyo. Ukikatika, hakuna tena zamu. Pistoni inapanda kwa nguvu yake yote, inakuta supapu ingali wazi, wanagongana kichwa kwa kichwa, na supapu yenye shingo nyembamba ndiyo inapinda. Kuna motere zenye huruma, ambamo hata mukanda ukikatika vitu havigusani. Sijui waliokuwa wanazinunua walikuwa wanaishi muji gani. Bukavu zilikuwa zinakuja zile zingine.

Namna ya kujua ni rahisi. Gari inazima ghafula, bila kukohoa, bila kuaga. Ukizungusha ufunguo, motere inazunguka mwepesi sana, kama baskeli iliyotoka munyororo. Hapo unatoa ufunguo, unautia mu mufuko, unatafuta kamba ya kukokota. Usijaribu tena. Kila kujaribu ni nyundo ingine juu ya supapu. Ndiyo yote. Naweza kunyamaza hapa, na mungekuwa mumejua kazi.

Lakini Bukavu ni muji wa kusukuma. Mungu alitupatia milima kila upande, na sisi tukaona kwamba betri ni kitu cha anasa. Wakati wa Zaïre, mutu alikuwa anaegesha gari mahali penye kuteremuka sawa vile wengine wanavyoegesha penye kivuli. Asubuhi vijana wanasukuma, gari inateremuka, dereva anaachia klachi, inaruka, inawaka, vijana wanapewa kitu kidogo, kila mutu anafurahi. Mutindo huo uliponya magari mengi. Ndiyo maana watu walifikiri unaponya kila ugonjwa.

Kulikuwa mujane mumoja pale Kasha, Maman Nsimire. Alikuwa na tanuri ya mikate nyuma ya nyumba, na gari dogo jekundu la Kitaliano ambalo mume wake alilinunua mbele ya kufa. Kila asubuhi alikuwa anajaza mikate nyuma, anaenda kuigawa: kwa masista, kwa shule ya bweni, kwa maduka ya Nyawera. Wakati ule mwanamuke mwenye kuendesha gari mwenyewe alikuwa kitu cha kutazamwa, na watu walikuwa wanamutazama. Yeye alikuwa anatazama barabara. Ungejua alipita kwa harufu tu.

Marehemu, ambaye matanga yake yalikuwa hayajamalizwa, alikuwa na ndugu, citoyen Lushombo, maana wakati ule kila bwana aliitwa citoyen. Huyu alikuwa anafanya biashara ya dhahabu, anaenda Mwenga na Shabunda, anarudi na abacost mupya, ile suti ya Zaïre isiyo na tai, na viatu vyeupe. Viatu vyeupe, Bukavu, mu majira ya mvua! Mutu wa namna ile hana hofu ya kitu chochote, na ndiyo shida yake.

Siku moja Lushombo akaja kwa shemeji yake na kumuambia kwamba shangazi yao, muzee Nabintu, ametoka hospitali ya Katana ambako walimutengeneza goti, na kwamba haifai muzee wa watu arudi mu kamyo juu ya magunia ya makala. Maman Nsimire akamupa ufunguo. Ungefanya nini? Ni shangazi.

Kwenda, gari ilienda vizuri. Kurudi, walipofika karibu na Kasha, mu mupando, ikazima. Bila kukohoa, bila kuaga. Lushombo akazungusha ufunguo, motere ikazunguka mwepesi. Akafurahi, akasema: "Betri iko na nguvu!" Kisha akafungua dirisha na kuita vijana.

Sikuwapo, lakini Kasha yote ilikuwapo, na kila mumoja alinielezea. Waligeuza gari ikatazama chini, wakasukuma. Ikateremuka, Lushombo akaachia klachi, ndani mukalia kama mutu ameangusha sinia ya vikombe. Haikuwaka. Wakaikokota tena juu na kamba, wakasukuma tena. Vikombe vingine vikaanguka. Shangazi Nabintu alikuwa ndani, goti lake limenyooshwa juu ya kiti, akawa anapiga kelele:

"Lushombo, acha! Mule ndani kunavunjika vitu!"

"Shangazi, weye unajua nini ya motere? Sukumeni! Iko karibu kuwaka!"

Gari haikuwa karibu na kitu kingine isipokuwa kaburi. Maman Nsimire akatoka nyumbani akikimbia, mikono ingali na unga, akasimama mbele ya gari kusudi wasisukume tena. Lushombo akamuambia atoke njiani, kazi hii ni ya wanaume. Wakasukuma tena. Safari hii kukalia mulio mumoja mukubwa, kisha kimya, na magurudumu yakakataa kuzunguka. Hapo ndipo citoyen Lushombo alianza kufikiri kwamba labda kuna shida.

Waliileta kwetu ikiwa inakokotwa na kamyo. Garaji yetu ilikuwa Kadutu, nyuma ya soko: kibanda cha mabati, shimo la kuingilia chini ya gari, na Muzee Kalinda. Muzee Kalinda ndiye aliyenifundisha kazi. Yeye alifundishwa na Muzungu mumoja aliyekuwa anamutukana kwa lugha tatu, na akatufundisha sisi kwa lugha zile zile, akaongeza Mashi, lugha ya kwetu. Wakati huo macho yake yalikuwa yamechoka, kwa hiyo kazi nilikuwa nafanya miye na matusi alikuwa anafanya yeye. Tulielewana sana.

Nikatoa kifuniko cha mbele. Mukanda ulikuwa umekatika safi, meno yamelika kama ya kikongwe. Nikauliza:

"Ilizima yenyewe?"

"Yenyewe," Lushombo akajibu.

"Kisha mukafanya nini?"

"Tukasukuma kidogo."

Maman Nsimire alikuwa amesimama kando. Alimutazama tu. Lushombo akaongeza: "Kidogo vile."

"Tutafungua kichwa cha motere," nikasema. "Supapu zimepinda, na labda pistoni nayo imeumia."

"Supapu za nini? Mukanda ndio umekatika! Si mufunge tu na soksi ndefu ya mwanamuke? Njia ya Shabunda nilifanya hivyo na kamyo, tukafika."

Kila fundi wa wakati ule anajua hiyo soksi. Ilikuwa ya mukanda wa feni, ule wa nje, na kweli ilifanya kazi. Nikamueleza polepole: "Patron, feni ikikosa zamu, inakosa peke yake. Huyu wa ndani akikosa zamu, pistoni na supapu wanauana."

Muzee Kalinda, kutoka kiti chake, akatoa tusi moja la Muzungu wake. Lushombo hakulijua, akafikiri ni jina la kipande, akakubali kwa kichwa.

"Sawa," akasema. "Lakini fanyeni haraka. Nataka gari yangu itembee mbele ya kumaliza matanga."

Gari yangu. Mulisikia? Maman Nsimire naye alisikia. Akaondoka bila kuaga.

Kesho yake nikafungua. Supapu nne zilikuwa zimepinda. Moja ilikuwa imekatika shingo, na kichwa chake kilikuwa kimezama mu pistoni kama jino mu muhogo, kimetoboa tundu. Namna ya kujua supapu imepinda, vijana, musitumie macho, macho yanadanganya. Chukua kioo cha dirisha, kilaze mezani, viringisha supapu juu yake. Iliyo nzima inaenda kimya. Iliyopinda inacheza dansi. Mezani kwangu kulikuwa arusi.

Wakati nilikuwa naviringisha, Maman Nsimire akafika kwa miguu, kikapu cha mikate kichwani, kutoka Kasha mpaka Kadutu. Viatu vyake vilikuwa vimejaa tope. Muliopanda ile njia munajua, wengine, shukuruni. Akashusha kikapu, akatupatia mukate mumoja, akauliza:

"Fundi, gari itapona?"

"Itapona, maman, tukipata vipande."

"Basi usiiponyeshe."

Nilifikiri sikusikia vizuri. Mu miaka yangu yote, wateja waliniomba haraka, waliniomba bei, waliniomba miujiza. Hakuna aliyeniomba gari ibaki imekufa. Muzee Kalinda naye akaacha kutafuna.

Akatueleza. Siku ya kumaliza matanga, familia ya mume ilikuwa inakuja kugawanya vitu vya marehemu. Lushombo alisema tangu makaburini kwamba gari ni ya ndugu, si ya mwanamuke. "Kama itakuwa inatembea siku ile, atakaa ndani na kuondoka nayo mbele ya watu wote, na hakuna atakayesema kitu. Ikiwa imekufa, labda wataniachia. Watoto wanne, fundi. Mupishi wa shule ya bweni ameshaniambia, nikichelewa tena atatafuta mikate kwingine. Leo nimefika pale saa ya kula imepita. Lakini nitatembea kwa miguu. Nitatembea mpaka siku ile ipite. Weye acha gari ilale."

Ni gari nililokuwa napenda, na mwanamuke aliyekuwa anapanda milima na kikapu, na miye natakiwa nikae mikono kifuani. Tena kusema uongo mbele ya familia ya watu, hapana, hiyo sikutaka. Nikamuambia hivyo. Akanijibu:

"Sikukuambia useme uongo. Nilikuambia usifanye haraka."

Tukamutazama Muzee Kalinda. Akafuta makombo mudomoni.

"Fundi haingii mu mambo ya familia," akasema. Maman Nsimire akainamisha kichwa. Kisha muzee akaendelea: "Lakini vilevile fundi hakimbizwi. Nani alishaona fundi wa Bukavu anamaliza kazi siku aliyosema?"

Hapo, vijana, tukaingia mu kazi tuliyoijua kuliko zote. Kuchelewa. Watu walikuwa wanatusema kila siku juu ya kipaji hicho, na hatimaye kikapata matumizi.

Vipande tulivitafuta, lakini kimya. Gari ingine ya namna ile, ya rangi ya maziwa, ilikuwa imeanguka mu bonde zamani, na mukulima mumoja wa Nyantende aliikokota mpaka shambani kwake, akaifanya nyumba ya kuku. Nikaenda huko. Mukulima huyo, Papa Cirhuza, alinipokea vizuri mpaka nilipotaja motere.

"Motere? Na kuku mwenye kulalia mayai atakaa wapi?"

Nikafungua boneti. Kweli, kuku alikuwa amekaa juu ya chujio la hewa, ametandaza mabawa, ananitazama kama sekretari wa mukubwa wakati unaomba kuingia. Chini yake motere ilikuwa nzima, imefunikwa na mavi na majani, lakini haikuwa na kutu ndani. Ile gari ilikufa na ubavu. Tumbo lake halikuwa na kosa.

Nikasema nitamununulia kuku huyo nyumba. Akakataa, kuku huyo amezoea. Tukazunguka gari pamoja, akaanza kulalamika juu ya wezi: wanakuja, wanafungua mulango wa nyuma, wanachukua kuku, kitasa hakifungi. Mulisikia? Kitasa! Nilishinda pale nikitengeneza vitasa vyote vya gari isiyokuwa na magurudumu, mpaka Papa Cirhuza akawa mutu pekee wa Nyantende mwenye kufunga kuku wake kwa ufunguo. Akafurahi sana, akaniruhusu nitoe kichwa cha motere na pistoni moja, kwa sharti kwamba chujio la hewa linarudi pahali pake, na kuku juu. Nikalirudisha. Sekretari akakaa, hakunishukuru.

Vipande nikavisafisha, nikaviweka mu gunia chini ya meza. Hakuna mutu aliyeniuliza gunia lina nini.

Lushombo alikuwa anapita mara kwa mara. Hakuwa anaingia, sababu ya viatu vyake na mafuta yetu ya chini. Anasimama mulangoni:

"Bado?"

"Bado, patron. Vipande."

Siku moja akaja anacheka, ameshika sanduku dogo. Alikuwa ametoka Bujumbura, akanunua mukanda mupya. Nikaulinganisha na ule wa zamani, jino kwa jino: ndio wenyewe kabisa. Tulikuwa tumeutafuta mpaka ngʼambo ya Ruzizi bila kuupata, na sasa umekuja wenyewe, umevaa viatu vyeupe.

"Mukanda ulikatika, mukanda huyu hapa," akasema. "Sasa shida iko nini?"

Hilo swali mutalisikia maisha yenu yote. Mutu ameanguka kutoka juu ya muti sababu tawi limevunjika, amevunjika mbavu na miguu, na ndugu yake anakuletea tawi.

"Shida ni zile supapu, patron. Ingia utazame."

Akatazama viatu vyake. "Nitatazama siku ingine." Akaondoka na mukanda wake chini ya kwapa, akisema atauleta siku gari itakuwa tayari. Hakuingia. Na miye, nawaapia, nilimukaribisha kila mara.

Ikafika siku ya kumaliza matanga. Familia ilikutana Kasha, nyuma ya nyumba, karibu na tanuri. Shangazi Nabintu ndiye aliyekuwa mukubwa wao, alikuja na fimbo yake na goti lake, akasema hatagawanya kitu asichokiona. Wakaleta vitu uani: radio, makoti ya marehemu, kitanda, saa. Kisha akauliza: "Na gari iko wapi?"

Nikaitwa. Nilikuja na beseni ya kufulia kichwani, nikaiweka chini mbele ya miguu yake. Ndani mulikuwa mukanda uliokatika, supapu zilizopinda, ile isiyokuwa na kichwa, na pistoni yenye tundu.

"Hii hapa, shangazi."

Watu wakasogea. Lushombo naye, kwa mara ya kwanza, akainama kutazama. Akachukua pistoni, akaingiza kidole mu tundu, kidole kikatokea upande wa pili. Sijaona mutu anatazama kidole chake mwenyewe kwa huzuni namna ile.

"Hii inashonwa namna gani?" akauliza.

"Haishonwi."

"Kwa hiyo ni chuma tu?"

"Hivi munavyoona mu beseni ni chuma tu, patron."

Shangazi Nabintu hakuwa mutu wa kuachia hapo. Akaninyooshea fimbo. "Fundi. Nijibu vizuri. Gari hii haiwezi kupona?"

Maman Nsimire alikuwa amekaa kando ya tanuri, kitambaa cha matanga kichwani. Hakunitazama. Alikuwa anatazama mikono yake. Nilikuwa nimepanga nini cha kujibu kama wangeniuliza hili na lile. Swali hili sikulipanga. Nikasema:

"Inaweza kupona, shangazi. Kama mutu atapata vipande, na atalipa kazi, na atangoja."

Nikafikiri: umemuangamiza mujane. Shangazi akamugeukia Lushombo.

"Umesikia. Utangoja?"

"Miye? Kungoja?" Lushombo akacheka, akasimama, akapangusa magoti. "Mafundi hawa wananiambia bado, bado, tangu wakati ule. Juma kesho naenda Shabunda. Ningoje mpaka lini?"

"Nilikuwa ndani ya gari ile," shangazi akasema, na sasa sauti yake haikuwa ya muzee tena. "Nilikuambia acha. Mwanamuke huyu alisimama mbele, mikono na unga, ukamuambia atoke. Ulipiga gari ya ndugu yako mpaka ikakufa, na miye ndani. Sasa chagua mbele ya watu wote: utachukua hii beseni, ao utachukua radio na makoti?"

Lushombo akatazama beseni. Akatazama radio, ilikuwa radio muzuri, yenye antena ndefu.

"Radio," akasema. "Na makoti."

"Basi beseni ni ya mujane."

"Abaki nayo." Akafungua sanduku dogo alilokuwa nalo, akautupa mukanda mupya juu ya vyuma. "Na huyu naye. Utamufaa kufungia mbuzi."

Niliinama kuuokota haraka sana, kwa heshima ya vitu vya watu. Nilipoinuka, Maman Nsimire alikuwa ananitazama, na mudomo wake ulikuwa unatetemeka, sijui kwa kicheko ao kwa kilio. Nafikiri hata yeye hakujua.

Lushombo akaenda Shabunda na radio yake. Siku ile ile kipaji chetu cha kuchelewa kikapotea. Muzee Kalinda alinitukana tangu asubuhi mpaka jua linatua, na nilifanya kazi kama mutu anayekimbizwa na nyuki.

Sikilizeni hapa, maana hii ndiyo kazi. Supapu hazitoshi kuingizwa tu. Kila moja inapashwa kukaa pahali pake bila kuacha hewa ipite. Unapaka unga wa kusagia, unaizungusha kwa kijiti huku na huku mpaka kunabaki duara moja la rangi ya majivu. Unga wenyewe haukuwapo Bukavu, kwa hiyo tulisaga chupa ya bia, tukaichekecha mu kitambaa, tukachanganya na grisi. Kisha unaosha kila kitu, halafu unaosha tena, maana kioo kilichobaki ndani hakitafuti rafiki, kinakula chuma. Unageuza kichwa cha motere, unamimina esanse, yaani petroli, mu matundu yake, unatazama kama inavuja. Ikivuja, unaanza tena. Yangu ilivuja, nikaanza tena, na matusi ya lugha nne nyuma ya mugongo.

Mwisho unaweka mukanda, alama ya juu ikitazama alama yake, alama ya chini ikitazama yake. Na hapo, vijana, ndipo wajinga wanaingiza ufunguo. Weye huingizi. Unachukua spana, unazungusha motere kwa mukono, mizunguko miwili mizima. Kama kuna kitu kinagongana, mukono utasikia mbele ya chuma kuumia.

Maman Nsimire alikuwa amekuja kuona. Nilikuwa nimeshainama, Muzee Kalinda akaninyangʼanya spana, akamupa yeye.

"Zungusha weye, maman."

"Miye? Nikiivunja?"

"Kwa mukono haivunjiki. Polepole. Ikikataa, simama."

Akashika spana kwa mikono miwili. Alizungusha, uso umekaza, anasikiliza na mwili wote. Katikati kukawa kuzito, akasimama, akatutazama na hofu.

"Hiyo ni hewa inakabwa," muzee akasema. "Ndiyo muzuri. Ndiyo uzima wake. Endelea."

Akaendelea. Motere ikapita, mara ya kwanza, mara ya pili, bila kugonga. Akaweka spana chini na kuanza kulia, pale pale, mikono na grisi, kilio kile ambacho tangu kifo cha mume hakuna aliyekiona. Miye nikaenda kutafuta kitu nje. Muzee Kalinda alibaki amekaa karibu yake, na kwa mara ya kwanza tangu nilipomujua hakutukana mutu.

Gari iliwaka. Masista walipata mikate yao moto, na yule mupishi wa bweni akasema alikuwa anajua tu kwamba maman atarudi.

Sasa Lushombo. Alirudi kutoka Shabunda, na kitu cha kwanza alichokutana nacho mu mupando wa Kasha ni gari jekundu linateremuka, linanukia mikate, na shemeji yake anamupigia honi kwa adabu. Alifika Kadutu anapumua kama dume la ngʼombe. Siku hiyo aliingia ndani ya garaji, viatu vyeupe na vyote.

"Mulinidanganya! Mulisema gari imekufa!"

"Tulisema inaweza kupona ukingoja," nikamukumbusha. "Ukasema hungoji."

Akatupeleka kwa shefu wa karte, yaani mukubwa wa mutaa. Shefu alikuwa mutu munene mwenye beji ya chama kifuani na usingizi machoni, na kila mutu alijua kwamba kesi kwake inafuata mwenye sauti kubwa. Lushombo alikuwa nayo. Alieleza kwa muda murefu, Kiswahili na Kifaransa, ndugu, damu, mila, wizi. Maman Nsimire alisimama upande mumoja, miye na Muzee Kalinda upande mwingine. Kama angeamua vingine, gari lingeondoka siku ile ile, na miye ningekuwa fundi mwizi kwa Kasha yote.

Shefu akapiga mwayo. Akamuuliza Lushombo:

"Gari ya ndugu yako, weye mwenyewe uliiona imekufa?"

"Niliiona! Mu beseni!"

"Na ukaiacha mbele ya shangazi yako?"

"Niliacha chuma!"

Akanigeukia miye. "Fundi, gari hii inayotembea sasa, tumbo lake lilitoka wapi?"

"Nyantende, shefu. Chini ya kuku."

"Chini ya kuku," shefu akarudilia, akafikiri kidogo. "Basi hiyo ni gari ingine. Ile ya ndugu yako ilishakufa. Pole sana, citoyen."

Na akafunga macho, maana kazi ilikuwa imekwisha.

Tukatoka nje sote. Lushombo akamusimamia Maman Nsimire mbele, nikafikiri atamupiga, nikasogea. Lakini aliuliza tu, kwa sauti ya chini ambayo sikumujua nayo:

"Shemeji, watoto wa ndugu yangu, wanakula vizuri?"

Maman Nsimire akafungua mulango wa gari.

"Wanakula," akamujibu. "Uje kuwaona."

Kisha akaingia mu gari, akawasha, akaenda. Mikate ilikuwa nyuma, na mupishi wa bweni alikuwa anangoja.